Punje Moja kwa Mapipa Matatu

Lambert alikuwa na kazi mbili. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa alitengeneza groupe, yaani zile jenereta zinazonguruma nyuma ya kila duka la Bunia umeme unapokatika, na umeme wa Bunia haungoji kubembelezwa ili ukatike. Jumamosi aliozesha watoto wa watu. Hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa msemaji. Familia mbili zikikutana kupatana mahari, baba na mama hukaa kimya, na kila upande huleta mtu wake wa kusema. Watu wa mtaa wake wa Mudzipela, kabla hata ya kununua kreti ya soda, walipita kwanza kwenye karakana ya Lambert kuuliza kama Jumamosi hiyo ana nafasi.

Alikuwa mfupi, mwenye tumbo la heshima na mikono iliyoishinda sabuni zamani. Siku ya mahari alivaa koti la kahawia na kuificha mikono hiyo mifukoni. Alijua kuomba ng'ombe kumi kwa namna ambayo upande wa pili ulitoka ukijiona umehurumiwa. Faini, au amende kama wanavyosema Bunia, ndiyo ilikuwa raha yake: mgeni akikaa kabla ya kukaribishwa, faini, akimtaja bibi-arusi kwa jina kabla hajaonyeshwa, faini, na kama mtu angepiga chafya vibaya, Lambert angemtafutia sheria. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mahari iliyovunjika mikononi mwake, na hilo alilitangaza mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mke wake Kanyere, mwanamke wa Butembo asiyepoteza maneno, alimwambia kwamba ipo siku atatozwa yeye faini ya majivuno.

Mwaka 2016 ikafika zamu ya nyumba yake mwenyewe. Aliyeposwa alikuwa Clarisse, mtoto wa mdogo wake Nicolas. Nicolas alifariki mwaka 2003, siku zile mtaa ulipokuwa ukihama na kurudi, na kuhama tena kabla sufuria hazijapoa. Clarisse alikuwa na miaka kumi na mmoja. Lambert na Kanyere walimchukua wakamlea, wakamsomesha, na mwisho wakampandisha ndege kwenda Kinshasa kusoma fizikia. Alirudi na diploma, na kichwani ana jambo moja tu: nguvu za atomi.

Jioni moja Clarisse alijaribu kuwaeleza, Lambert akila fufu, ugali wa muhogo. Kanyere alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, na Clarisse akachukua punje moja akaiweka kwenye kiganja cha baba yake mkubwa. Alimwambia kwamba kipande cha urani chenye ukubwa kama huo, ndani ya kinu chake, kinatoa joto sawa na karibu mapipa matatu ya mazuti, ile dizeli ya groupe. Lambert alikasirika kama fundi. Yeye pipa la mazuti alilijua kwa uzito, kwa harufu, na kwa kiuno kinavyouma baada ya kulisukuma. Akauliza moshi wake unatokea wapi. Clarisse akamjibu kwamba hauna moshi, maana hakuna kinachoungua. Lambert akaacha kula.

Aliuliza maswali mpaka fufu ikapoa. Taka zake je? Clarisse hakumficha: zipo, ni za hatari, na hubaki za hatari kwa maelfu ya miaka. Lakini ni chache, ni ngumu kama jiwe, zinahesabiwa na kufungiwa mahali pa kujulikana, wakati taka za mazuti sisi tunazipuliza barabarani na watoto wanazivuta wakienda shule. Na vinu vilivyolipuka, kule Ukraine na kule Japani? Hapo pia hakumficha, watu waliumia na wengine wakafa. Ila moshi wa mafuta na wa makaa ya mawe unaua watu kwa mamilioni kila mwaka duniani, akasema, na kwa kuwa wanakufa mmoja mmoja, kila mtu kitandani kwake, hakuna anayekuja kuwapiga picha. Kanyere akauliza kama mito ya Kongo haitoshi. Clarisse akakubali kwamba maji yatangulie, ila kiangazi kikiyapunguza, kiwanda au hospitali haiwezi kungoja mvua, na hapo dunia hukimbilia mafuta. Atomi inataka fedha nyingi, miaka mingi na nchi yenye amani, kwa hiyo hakuwa akiwaahidi kitu cha kesho. Alitaka tu kuwa mmoja wa wanaojua.

"Mutoto, unataka kufunga karakana yangu," Lambert alisema, na wote wakacheka. Kisha akatoka akakaa uani peke yake muda mrefu. Kanyere alijua kwa nini, na hakumfuata.

Bwana-arusi aliitwa Blaise, mwalimu wa hesabu, kijana mpole ambaye Clarisse alikutana naye hukohuko Kinshasa. Ubaya wake ulikuwa mmoja: baba yake. Muzee Henri, mtu wa Mahagi, alikuwa na depo ya mafuta, na malori yake yalipanda na kushuka kati ya Ariwara, soko la mpakani, na Bunia mvua na jua. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono mkubwa, naye alimpenda Clarisse tangu siku ya kwanza. Kisha akasikia msichana anasomea nini. Henri aliogopa mambo mawili. La kwanza, aliambiwa kwamba atomi hukausha tumbo la mwanamke, na yeye alitaka wajukuu. La pili hakulisema, lakini mtu anayeuza mafuta hafurahii sana kumwozesha mwanawe kwa mtu anayeyasema vibaya.

Akamtuma msemaji wake, Gérard, katekista wa zamani mwenye sauti ya kusoma waraka. Ujumbe ulikuwa mtamu mwanzoni: ng'ombe kumi na wawili bila kubishana. Mwishoni ukawa na mwiba. Clarisse aache mambo ya atomi, na asiende katika ile shule ya Korea iliyomkubali kwa miaka miwili kuanzia Septemba. Kazi ya ofisi ilikuwa ikimngoja kwenye depo.

"Kama banatoa atome, batoe na arusi," Clarisse alisema. Akalia kidogo. Kisha akala vizuri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulala njaa kwa ajili ya mwanaume. Lambert, akiangalia ile sahani inavyoisha, alihisi moyo unamjaa upendo na kiburi kwa pamoja, na kiburi kikatangulia kusema. Akamwahidi kwamba Jumamosi atamletea vyote viwili, ndoa na Korea.

Jumamosi ile uwanja ulifunikwa kwa mashitingi, yaani maturubai, kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vikapangwa pande mbili zikitazamana, na harufu ya mbuzi na ya sombe, majani ya muhogo, ilifika barabarani kabla ya wageni. Henri alikuja na zawadi ndani ya pikapu: groupe mpya, ya buluu, kubwa, aliyoitoa Ariwara kwa ajili ya siku hiyo. Lambert aliizunguka mara mbili, akaipapasa, akaisikiliza ikiwaka, na kwa dakika hizo akasahau kwamba wao ni wapinzani. Kisha akaamuru iwekwe mwisho kabisa wa uwanja, kwenye ua, bomba la moshi likielekea barabarani. Vijana wa Henri walilalamika kwamba waya hazifiki. Lambert akaenda mwenyewe kuongeza waya. Katika jambo hilo hakuwa na mzaha, na watu walizoea kudhani ni ufundi tu.

Bibi-arusi alifichwa kwenye chumba cha nyuma pamoja na shangazi yake Adèle na wasichana wanne, madirisha yamefungwa na kuzibwa kwa mapazia, ili mtu wa upande wa pili asimwone kabla ya kuitwa. Ndivyo inavyofanywa. Chumba hicho kilipakana na depo ndogo ya mahindi, stoo ya nyumba, na ukuta kati yake haukufika kwenye bati.

Mazungumzo yalianza vizuri. Gérard alisalimu kwa mistari miwili ya Maandiko, Lambert akamtoza faini ya kuleta misa mahali pa mahari, na Gérard akalipa akicheka. Henri alikohoa akitaka kusema, akatozwa faini ya kikohozi. Wanawake walipiga vigelegele kwa kila faini. Ng'ombe kumi na wawili wakakubaliwa kabla soda ya kwanza haijaisha. Ndipo Gérard akashusha sauti akalitaja lile sharti.

Lambert alikuwa akiingoja saa hiyo wiki nzima. Aliomba mapipa matatu yaliyokuwa na maji ya sherehe yaletwe mbele, na kwa kuwa yalikuwa mapipa ya depo ya Henri, yenye rangi yake na jina lake, watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Kisha akatoa mfukoni punje ya haragwe, akaiweka kwenye kisahani mbele ya yale mapipa. Akamweleza Gérard hesabu ya Clarisse. Akauliza malori mangapi hukwama kwenye matope ya njia ya Ariwara kila msimu wa mvua, na madereva wangapi hulala chini ya malori yao, akaongeza kwamba mzigo wa namna hii dereva angeuweka kwenye mfuko wa shati akapita mbio. Akaonyesha upande wa barabara, moshi mweusi wa groupe ukipanda juu ya ua, akauliza nani anaifungia ile taka, nani anaihesabu, nani analala mlangoni kuilinda. Watu walipiga makofi. Hata Blaise, ambaye hakutakiwa kuonyesha chochote, alionyesha meno.

Gérard hakuwa mjinga. Akajibu kwamba jiwe hilohilo la urani lilitoka katika nchi yetu likaenda kuunguza miji ya watu kule Japani, na kwamba mazuti, pamoja na ubaya wake, tumeyazoea, na hakuna mtu uwanjani hapo aliyewahi kuyakimbia. Upande wa wageni ukapiga makofi nao. Lambert akacheka, akaomba nafasi ya kujibu, na hapo mvua ikaanguka.

Ilikuwa mvua ya Julai, ya ghafla na ya kweli kweli. Watu walivuta viti katikati, mashitingi yakaanza kubeba maji kama matumbo, na vijana wa Henri wakakimbilia mali ya bwana wao. Groupe mpya ya Ariwara isingelowa. Waliiinua ikiwa inawaka, wakaiingiza kwenye depo ya mahindi, wakarudishia mlango ili mvua isiingie.

Lambert hakuwaona. Lakini alisikia. Groupe iliyo nje sauti yake husambaa na kwenda zake. Iliyo ndani sauti hurudi, hujigonga yenyewe, na fundi wa miaka thelathini hawezi kukosea hapo. Alisikia, na kwa pumzi moja akajua. Kisha akajiambia kwamba labda wameiweka tu chini ya ukingo wa bati. Alikuwa amefika mahali patamu pa maneno yake. Henri alikuwa ameanza kutabasamu, na dakika mbili tu zilitosha kummaliza. Sitamtetea Lambert hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hajitetei. Aliendelea kusema.

Hakumaliza. Mlango wa nyumba ulifunguliwa, na bibi-arusi, ambaye hakuwa ameitwa, akatoka amevaa vitenge vyake vyote na shanga zake zote, amemshika Adèle begani. Adèle aliyumba. Wasichana walifuata wamejishika vichwa, mmoja wao akatapika kwenye maua ya Kanyere. Clarisse aliwaketisha palipo na upepo, akapita mbele ya wageni bila kumtazama mtu, akaingia kwenye mvua, akasukuma mlango wa depo kwa mguu na kuizima groupe. Ngurumo ikafa, na spika za muziki nazo. Ikabaki mvua tu juu ya mashitingi.

Gérard, maskini, alikuwa mtu wa mazoea.

"Bibi-arusi anatoka bila kuitwa," alisema. "Kuko amende."

Wachache walicheka. Lambert alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na mikono yake, ile myeusi, ilikuwa imetoka mifukoni bila yeye kujua. Alimwangalia Adèle mpaka alipomwona amekunywa maji na kuvuta pumzi sawasawa. Kisha akasema, bila ile sauti yake ya Jumamosi.

"Amende ni yangu. Batu bote hapa banasema mudogo yangu Nicolas alikufaka na vita. Haiko vita."

Akawaeleza. Nicolas alikuwa na famasi ndogo, na ndani yake friji ya chanjo na dawa za watoto. Siku zile, waliopita na bunduki wakisikia mashine inalia mahali, walijua pana kitu cha kuchukua. Nicolas akaja kumuuliza kaka yake afanye nini. Lambert akamwambia aiingize groupe ndani, afunge mlango, aizungushie magodoro ili sauti isitoke nje. Aliitengeneza mwenyewe ili isilie sana. Ilifanya kazi vizuri. Hakuna mtu wa bunduki aliyeisikia, na friji ilikuwa bado baridi asubuhi walipovunja mlango na kumkuta Nicolas amelala kama mtu aliyechoka.

"Weye unasema mazuti tumeizoea," akamwambia Gérard. "Ni kweli. Miye njo nilimwambia aingize. Sikuogopa moshi, juu ya kuwa moshi iko ya nyumbani. Na leo nilisikia groupe inaingia, nikaendelea kusema, juu nilikuwa nashinda."

Kanyere alikuwa akilia mlangoni mwa jiko, kijiko cha mbao mkononi. Clarisse akarudi kutoka kwenye mvua, maji yakimchuruzika, akaishika mikono ya baba yake mkubwa yote miwili.

"Nilijua, papa mukubwa. Mama mukubwa aliniambiaka nikiwa na miaka kumi na tano. Unafikiri ni juu ya nini nilienda kutafuta moto yenye haina moshi?"

Lambert akaangua kilio, kilio kikubwa, mbele ya wakwe, jambo ambalo yeye mwenyewe angelitoza mbuzi wawili. Miaka kumi na mitatu alimficha mtoto huyu jambo ambalo mtoto alikuwa amekwisha kulijua, kulisamehe na kuligeuza kazi yake. Alilia mpaka akaanza kucheka katikati ya kilio, na Clarisse naye akacheka, na rangi alizopakwa machoni zikamfikia kidevuni.

Ndipo Henri akasimama. Baba wa bwana-arusi hasimami, wala hasemi. Alisimama na kusema.

"Bokilo, mukwe wangu, mimi nitalipa yangu pia. Ng'ombe kumi na mbili tumepatana. Naongeza moja, juu groupe yangu iliingia kwa bibi-arusi kabla ya mutoto wangu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mabibi wa upande wa Mahagi walipiga mapaja, Blaise akafunika uso kwa kiganja, na Gérard akatafuta mstari wa Maandiko wa kufunika aibu asiupate. Henri alingoja kelele zipungue, akamgeukia Clarisse, akamwambia kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutumia kwamba aende akasome, Blaise amfuate akipata njia, na wakirudi wamletee wajukuu. Clarisse akamwambia kwamba wanawake wanafanya kazi kwenye vinu hivyo na kuzaa kama wengine. Henri akasema ataamini akiwahesabu.

Hakuna aliyewasha groupe tena siku hiyo. Vijana walitoa ngoma ya parokia, akina mama wakachukua masufuria, na mvua ilipokatika watu walicheza kwenye matope mpaka viatu vya harusi vikafanana vyote. Lambert alicheza na Adèle ili ahakikishe kwamba miguu yake imerudi kuwa mizima. Kanyere alipopita na sahani, alimwona Henri amesimama peke yake karibu na mapipa yake matatu. Muzee aliichukua ile punje kwenye kisahani, akaigeuza kwenye mwanga, akatazama pipa, akatazama punje, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Jumatatu Lambert alifungua karakana kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa mwenye saluni, amekuja kuchukua groupe yake. Lambert aliiwasha, akaisikiliza, akaizima, na kabla ya kuiachia akamwambia aiweke nje, mbali na dirisha, hata mvua inyeshe.

"Mudogo yangu Nicolas alikufaka sababu ya miye, na moshi ya hii," alisema.

Yule mama aliuliza Nicolas alikuwa mtu wa namna gani. Lambert akamvutia kiti, akafuta mikono, akaanza kumweleza.